Kerneli Ikianguka Wakati wa Kuwasha, Soma Skrini Kabla ya Kufuta Diski

Hapa Mbeya, fundi akipokea kompyuta ya Linux iliyogoma kuwaka, mara nyingi hukimbilia kupiga mfumo upya. Nawasihi mafundi wenzangu tuache haraka hiyo, kwa sababu mara nyingi diski ni nzima, mafaili ya mteja yapo, na kilichoharibika ni faili moja au mawili tu ya kuwashia mashine.

Mwenye duka la steshenari pale Mwanjelwa aliniletea kompyuta ya mezani ambayo umeme uliikatikia katikati ya kusasisha mfumo. Nilipoiwasha, maandishi meupe yalishuka kwa kasi, kisha yakasimama yakionyesha: Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0). Maana yake ni kwamba kerneli, kiini cha mfumo endeshi, imeshindwa kufungua sehemu ya diski yenye mfumo. Namba za mwisho ndizo zenye habari. Sifuri mbili kwa kawaida huashiria kwamba kerneli haikuiona diski kabisa, aghalabu kwa kuwa initramfs, yaani furushi la viendeshi (drivers) linalopakiwa pamoja nayo, halipo au halikukamilika. Lakini ukikuta 8,1, diski imeonekana kama sda1, hivyo chunguza zaidi mfumo wa mafaili wa sehemu hiyo.

Hatua ya kwanza ni kuingia kwenye menyu ya GRUB, programu inayochagua kerneli ya kuwasha, kwa kushikilia Shift kwenye mashine za BIOS (mfumo wa zamani wa kuanzishia mashine) au kubonyeza Esc kwenye zile za UEFI (mfumo mpya), kisha uchague kerneli ya zamani, ambayo Linux za aina ya Ubuntu na Debian kwa kawaida huibakiza. Ile ya steshenari iliwaka kwa njia hiyo, na jambo hilo peke yake lilinihakikishia kwamba diski inasomeka. Amri ya df -h /boot ikaonyesha kuwa nafasi ipo kwenye /boot, folda yenye mafaili ya kuwashia. Kama ingekuwa imejaa, ningeanza na apt autoremove, amri inayoondoa vifurushi visivyohitajika tena, zikiwemo kerneli za zamani, kwani initramfs hukatika vilevile nafasi inapokwisha. Nikamalizia usasishaji kwa dpkg --configure -a, nikaunda initramfs ya toleo jipya kwa update-initramfs -c -k na namba ya toleo hilo, halafu nikaisasisha menyu ya GRUB kwa update-grub.

Kerneli ya zamani nayo ikianguka, bonyeza e kwenye GRUB, ondoa maneno quiet na splash, bonyeza Ctrl na X, na urekodi skrini kwa simu, maana chanzo mara nyingi kimeandikwa mistari kadhaa juu ya ule wa mwisho. Ujumbe ukibadilika kila unapowasha, shuku RAM: chomoa vipande, ujaribu kimoja kimoja, na uache memtest86+, programu ya kupima RAM, ifanye kazi usiku kucha. Ikibidi kuwasha kwa flashi yenye Linux, nakili kwanza mafaili ya mteja, ndipo uguse kitu kingine chochote kwenye diski hiyo.