Mtoto yupo kizazini, ila mirija wameiangalia?

Wiki ya 6 nilipigwa ultrasaundi nikamuona, kitone kidogo kinapepesa ndani ya mfuko, nikaambiwa mimba iko mahali pake nikarudi nyumbani na furaha zangu. Maumivu ya chini ya tumbo upande wa kulia nilikuwa nayo tayari na nilisema, nikajibiwa kizazi kinatanuka. Nami nikaamini, si mtoto nishamuona kwa macho yangu?

Siku 3 baadae nimeinama navaa viatu, maumivu yakanishika mpaka juu ya bega. Bega jamani! Nikajua nimelala vibaya. Haikupita saa, kizunguzungu, jasho la baridi, nikaingizwa chumba cha upasuaji. Kumbe mimba zilikuwa mbili, moja kizazini na nyingine imetunga kwenye mrija wa uzazi, na mrija ulishapasuka. Lile bega ni damu iliyovujia tumboni, inachokoza msuli ulio chini ya mapafu na maumivu unayasikia begani.

Mimba za hivi kwa waliobeba kawaida hukadiriwa ni 1 kati ya 30,000, ndo maana wengi wakishaona mtoto kizazini wanafunga mashine. Ila kama ulitumia vidonge vya kupevusha mayai kama mimi, au ulipandikizwa mimba, au uliwahi kutunga nje ya kizazi, kuumwa maambukizi ya nyonga au kufanyiwa upasuaji wa mirija, uwezekano unapanda sana, na hayo yote daktari ayajue kabla hujapanda kitandani. Usiridhike na kipimo cha damu pia, homoni ya mimba inapanda vizuri tu kwa sababu ile ya kizazini inaitoa kama kawaida, kwa hiyo ya kwenye mrija inajificha nyuma yake.

Omba ultrasaundi ya kupitia ukeni na useme kabisa, naomba mirija yote miwili na ovari ziangaliwe, na kama kuna maji au damu nyuma ya kizazi. Wiki ya 5 au 6 mimba ya kwenye mrija inaweza isionekane, so maumivu yakiendelea rudi upimwe tena, hata ukionekana msumbufu. Ukisikia bega au kizunguzungu usisubiri miadi, nenda dharura saa hiyohiyo.

Mimi mrija ulitolewa, maana sindano ya kuyeyusha mimba ya nje ingemuua na huyu wa ndani. Ana miaka 2 sasa, kalala hapa pembeni.