Gari linashuka Dar: kagua kabla hujasaini, ujue ubovu ni wa nani

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kuomba ruhusa kazini Dodoma uje Dar kupokea gari lako la kutoka Japani, wakati wakala anayekutolea gari bandarini ameahidi kukutafutia dereva alilete mpaka mlangoni. Njoo. Nimepokea ya kwangu na ya ndugu, na jamaa wakiagiza hunibeba tuende wote yadi, pale magari yanapowekwa yakishashuka melini, kwa hiyo nakueleza tunachofanya kule.

Kuna jambo moja wengi hawalioni mapema. Gari likikutwa na kasoro, kuna muuzaji wa Japani, kuna meli, kuna watu wa bandari na yadi, kuna wakala, na ukilisubiri nyumbani anaongezeka dereva. Ukiwauliza, kila mmoja atakwambia "lilikuja hivyohivyo". Kukagua siku hiyo si kutafuta ubovu tu, ni kujua ulitokea mikononi mwa nani. Hilo linajulikana ukiwa bado ndani ya geti na hujasaini. Ukishatoka, ubovu wote ni wako.

Silaha yako ni picha. Leo hii pakua kwenye simu picha zote za tangazo, maana likishauzwa zinaweza kuondolewa, pamoja na karatasi ya mnada kama ulipewa, yaani ile ya ukaguzi wa gari kwenye mnada wa Japani. Karatasi hiyo ina mchoro wa gari wenye alama: A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni sehemu iliyowahi kunyooshwa au kupigwa rangi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata herufi ni ukubwa, 1 ikiwa kasoro ndogo. Daraja la jumla likiwa R au RA, gari liliwahi kugongwa likatengenezwa. Sasa umefika yadi, bampa la mbele limechubuka. Tazama mchoro: kama pale pana A2, tulia, ulinunua nalo. Kama hapana, na picha za Japani zinaonyesha bampa safi, limechubukia njiani. Piga picha hapohapo, namba ya chesesi au ile iliyoandikwa kwenye kioo ionekane kwenye picha mojawapo.

Halafu vitu vinavyotembea. Kwenye meli za magari gari huendeshwa kupanda na kushuka, kwa hiyo ufunguo unasafiri na gari, na mikono mingi inapita mle ndani. Fungua buti, nyanyua kapeti: spea, jeki, spana ya tairi. Kadi ya ramani kwenye redio. Rimoti, na funguo ya pili kama iliandikwa. Kama rimu zina nati za kufuli, tafuta ile soketi yake kwenye droo ya dashibodi au pamoja na jeki. Ikikosekana, pancha ya Chalinze utalala nayo, spea unayo lakini tairi halitoki. Redio ikiishia 90 au 95 kwenye FM usigombane na mtu, za Japani ndivyo zilivyo, huanzia 76.

Namba ya chesesi isome tarakimu moja moja. Magari ya soko la Japani mengi hayana zile tarakimu 17, yana kodi ya modeli, kistari, kisha namba. Imegongwa kwenye bodi, mara nyingi ukuta wa nyuma ya injini au chini ya kiti cha mbele. Ilingane na cheti cha kusafirishia cha Japani, BL (hati ya mzigo ya meli) na nyaraka za forodha. Tarakimu moja ikipishana, irekebishwe kabla kadi ya usajili wa gari haijatoka.

Kilomita ndiyo habari ambayo watu huiamini kwa macho tu. Dashibodi inasema 68,000, wanafurahi. Mimi huanza na cheti cha kusafirishia, kwa sababu huwa kinataja kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa serikali ya kule. Kisha nafungua mlango wa dereva na boneti kutafuta vile vibandiko vya gereji za Kijapani vya kubadilisha oili. Vina tarehe na kilomita, na tarehe mara nyingi huandikwa kwa mwaka wa mfalme. Hesabu yake ni rahisi: R ni Reiwa, ongeza 2018, H ni Heisei, ongeza 1988. Kwa hiyo R3 ni 2021, H28 ni 2016. Ukikuta kibandiko cha H28 kinasema oili ilibadilishwa kwenye kilomita 91,000 na leo dashibodi inasoma 68,000, huhitaji fundi wala mganga. Na ukikuta vibandiko vyote vimebanduliwa, gundi imebaki, basi angalia uchakavu wa pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva. Hivyo havirudishwi nyuma kwa mashine.

Gari lililozama maji nalo lina dalili zake. Japani hupata mafuriko. Kimbunga Hagibis cha Oktoba 2019 kilizamisha magari mengi. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, uone kama una mstari wa tope. Chungulia boliti za viti na reli zake; kutu hapo wakati chini ya gari ni safi, shtuka. Harufu kali ya manukato ndani ya gari lililofungwa wiki kadhaa baharini mimi huwa inanitia wasiwasi kuliko harufu ya uvundo.

Injini iwake ikiwa ya baridi. Mwambie wakala mapema asiliwashe kabla hujafika, na ukifika gusa boneti. Washa swichi bila kupiga stata: taa ya injini, oili, betri na ya mifuko ya hewa lazima ziwake. Ambayo haiwaki kabisa ni mbaya kuliko inayobaki ikiwaka injini ikishaunguruma, huenda kuna mtu kaizima. Betri kulala ni kawaida, ikibustiwa si dosari. Lakini betri ikikatwa kumbukumbu za makosa kwenye kompyuta ya gari huweza kufutika, kwa hiyo taa iliyozimika dakika ya kwanza si ushahidi, inaweza kurudi ukiwa barabarani. Sikiliza na eksozi: muungurumo ukizidi, lala chini uone kama masega, kile kichujio cha moshi kwenye bomba la eksozi, hayajakatwa. Omba lisogezwe mbele na nyuma, ukihisi gia inachelewa kushika kati ya D na R, andika. AC, vioo vyote, kamera.

Matairi ni jambo watu hulipita. Tarakimu nne kwenye ubavu, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Na ukiona neno STUDLESS, hayo ni ya barafu, mpira wake laini. Kwa lami ya jua kali mpaka Dodoma usiyaamini, badilisha Dar.

Ulichokikuta kiandikwe kwenye karatasi ya makabidhiano kabla ya sahihi yako, na mtu wa yadi asaini pia. Wakala atakuambia gharama za stoo zinakimbia; zinahesabiwa kwa siku, saa yako moja haimpunguzii kitu. Muuzaji mtumie picha siku hiyohiyo. Kwa mkwaruzo usitegemee kurudishiwa hela, gari la mtumba huuzwa kama lilivyo. Kwa kilomita zilizochezewa, au vifaa vilivyokuwa kwenye picha na sasa havipo, una hoja, na mara nyingi wanaokataa hukataa kwa sababu mteja ametuma malalamiko wiki mbili baadaye.

Kuhusu fundi: wa kwenu Dodoma usimlipie nauli. Tafuta fundi umeme hapahapa Dar mwenye mashine ya kupimia, umpitie siku hiyohiyo ukishalitembeza kidogo. Mafuta huwa kidogo mno, kituo cha kwanza ukitoka getini jaza. Oili ya injini badilisha kabla ya safari, na Kibaha simama uchungulie chini kama kuna kinachovuja, maana hapo bado unaweza kugeuza.