Safari ya kwanza na tela jipya: usiende mbali

Tela letu la kambi lilipotoka kwa fundi, watoto walikuwa wameshajipangia Ruaha. Mama yao naye alianza kuhesabu siku za likizo. Nikasema hapana, tunaanza na Bagamoyo. Kutoka kwetu Tegeta hazifiki kilomita 50, na walinuna kwelikweli. Lakini leo mtu akiniambia amepata tela jipya, namwambia hivyohivyo: safari ya kwanza nenda mahali ambapo kitu kikiharibika utarudi nyumbani kabla ya giza.

Usiku mmoja kabla ya kuondoka, laleni humo ndani tela likiwa bado uani. Sisi tulifanya hivyo, na saa mbili usiku tukagundua regyuleta haikai kwenye mtungi wa gesi tulionao. Ukiwa nyumbani unatembea hadi dukani. Ukiwa porini unakula mkate mkavu.

Sasa nije kwenye mzigo, maana hapa ndipo nilipotaka kuipoteza familia yangu. Tangi la maji liko nyuma. Nililijaza lita 100, yaani kilo 100, halafu jenereta na sanduku la vyombo nikavirundika hukohuko nyuma kwa sababu ndiko mlango uliko. Mbele niliweka magodoro tu. Tulipoipita Bunju barabara ikawa nyeupe, nikafika 80. Basi likatupita kwa kasi, na upepo wake ukalisukuma tela. Likaanza kucheza: kulia, kushoto, kulia, kila mara likiuvuta mkia wa gari zaidi ya mara iliyotangulia. Mwanangu wa kike akanishika bega bila kusema neno.

Likikutokea hilo, usikanyage breki kwa nguvu, usiongeze mafuta, wala usipigane na usukani. Ushike unyooke, toa mguu kwenye mafuta, acha mwendo ushuke wenyewe. Ndivyo nilivyofanya, likatulia, nikatoka barabarani.

Sababu ni kwamba mkia ulikuwa mzito na shingo nyepesi. Uzito unaolalia pale tela linapoungana na gari unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa tela lote likiwa limepakiwa. Tela la kilo 800, basi pale pawe na kilo 80 hadi 120, na usizidishe kile ambacho gari lako lenyewe linaruhusiwa kubeba. Kupima si kazi: azima mizani ya gunia sokoni, weka gogo juu yake ili shingo ikae kwa kimo kilekile inachokuwa ikiwa imefungwa kwenye gari, usome. Vitu vizito vikae chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Mimi nilimwaga nusu ya maji palepale na jenereta likahamia mbele.

Wakati nahangaika, mzee mmoja dereva wa lori aliyekuwa amepumzika chini ya mwembe akaja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hizo nati za magurudumu umezikaza lini?"

Nikamjibu kwamba tela ni jipya, fundi amezikaza. Akatikisa kichwa, akaomba spana. Nati ya kwanza ikazunguka karibu nusu mzunguko kabla ya kukaza. Ya pili vilevile. Rimu mpya na rangi mpya hujipanga zikianza kubeba mzigo, na nati hulegea hata kama fundi alifanya kazi yake vizuri. Zikague baada ya kilomita 50 hivi, kisha tena kabla ya kufika 100. Yule mzee akanifundisha pia kuusogeza mkono karibu na kitovu cha kila gurudumu nikisimama. Kikiwa cha vuguvugu, sawa. Kimoja kikiwa cha moto kuliko mwenzake, beringi au breki inaomba msaada, usiendelee.

Kurudi nyuma kajifunze kwenye uwanja wa mpira asubuhi kabla watoto hawajajaa. Shika usukani kwa chini: mkono ukienda kushoto, mkia wa tela unakwenda kushoto. Nenda polepole, likianza kujikunja songa mbele unyooke, uanze upya. Na usilifungue tela kwenye gari kabla hujaweka kabari kwenye matairi.

Bagamoyo tulilala siku mbili, tukatembea Kaole kwenye magofu, watoto wakasahau kununa. Tuliporudi nikaosha chini yote kwa maji baridi ya bomba, maana chumvi ya pwani haina huruma na chuma. Jumatatu nikampelekea fundi karatasi ya mambo saba ya kurekebisha, tangi la maji likiwa la kwanza. Lilipohamishiwa mbele ya ekseli, ndipo tulipokaa mezani kuizungumzia Mikumi.