Kwa mnaoanza asembla: mkizima maonyo mtanitafuta

Nimetoka kupitia kodi za vijana wapya wa asembla (programu inayogeuza maagizo ya prosesa kuwa namba za mashine), na karibu kila Makefile, faili la maagizo ya kujenga programu, ina `-w-all`, swichi inayozima maonyo yote ya NASM. Nikauliza kwa nini. “Kaka, yalikuwa yanajaza skrini.” Haya, sogeeni hapa.

1. Anzeni kwa kufanya onyo liwe kosa. Kati ya asembla, NASM ina `-Werror`, GAS ina `--fatal-warnings`. Make, programu inayoendesha Makefile, haisomi ujumbe, inaangalia tu namba ambayo asembla imerudisha ilipomaliza, na onyo tupu linarudisha sifuri. Ukiandika `mov al, 300`, wakati `al` ni baiti moja isiyozidi 255, NASM inakuonya, inakata, inaweka 44, na kazi inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

2. Nukta mbili kwenye kila lebo (jina unalolipa mahali fulani ndani ya kodi), hata kama NASM haikulazimishi. Ukiteleza ukaandika `cdl` badala ya `cld`, neno hilo linageuka lebo. Utapata onyo tu, na bendera ya mwelekeo, ambayo `cld` ndiyo huisafisha, hutakuwa umeigusa. Cha kuchekesha, ukikosea hivyohivyo mara mbili ndipo unapookoka, kwa sababu sasa lebo imejirudia na hilo ni kosa kamili.

3. Wekeni ukaguzi wenu wenyewe ndani ya kodi. `%warning` (onyo), `%error` (kosa) na `%fatal` (kosa la kusimamisha kazi) kwa NASM, `.warning` na `.error` kwa GAS. Na mkichagua, chagueni kwa akili, maana mimi nilichagua vibaya.

Nilikuwa naandika butiloda ya MBR, yaani kodi ndogo ya kuwasha mfumo inayokaa kwenye sekta ya kwanza ya diski. Mnajua hesabu: kodi baiti 446, jedwali la patisheni 64, kisha baiti mbili za alama, 55 na AA. Nikajiona mtaalamu, nikaweka `%if` ya kukagua ukubwa, lakini ndani yake nikaweka `%warning`. Kisa? Nilijiambia ikizidi nitapunguza baadaye. Halafu maonyo mengine yakanichosha, nikaweka `-w-all`. Sikujua kwamba `%warning` nayo ina kundi lake, linaitwa `user`, na `-w-all` inalizima pamoja na mengine yote. Mlinzi nimemwajiri mwenyewe, na mdomo nimemziba mwenyewe.

Kodi ikanenepa polepole ikapita 446. Kwenye QEMU, kompyuta ya kuigiza, ikawaka vizuri kabisa, kwa sababu nilikuwa naipa faili zima la baiti 512 na sikuhitaji patisheni yoyote. Kwenye flashi niliandika kwa `dd bs=446 count=1`, yaani baiti 446 za kwanza tu, ili nisiharibu jedwali la patisheni. Yaani mkia wa kodi ukabaki nje, na mkia wenyewe ndio uliokuwa na rutini ya kusoma diski. `call` ikaenda moja kwa moja kwenye jedwali la patisheni, na prosesa ikatekeleza namba za patisheni kama maagizo. Skrini nyeusi.

Nikalaumu flashi, nikabadilisha. Nikalaumu BIOS. Nikaandika upya sehemu ya A20 (ya kufungulia memori iliyo juu ya megabaiti moja), ambayo haikuwa na kosa lolote, na nikaifanya mbaya zaidi. Mwenzangu akaniazima laptopu yake ya zamani, nikailaumu nayo. Mwisho nikalinganisha sekta ya flashi na faili kwa hexdump, inayoonyesha baiti zote: sawa, sawa, sawa, na kuanzia 0x1BE (yaani 446) kila moja njia yake. Nikatoa `-w-all`. NASM ikaniambia palepale, kwa maneno niliyoyaandika mimi.

Sasa naweka hivi, kabla ya ile `times` ya kujaza nafasi iliyobaki:

```
%if ($-$$) > 446
  %assign ziada ($-$$)-446
  %error Kodi imezidi kwa baiti ziada
%endif
```

Msiuweke ujumbe ndani ya alama za kunukuu, la sivyo `ziada` itabaki neno badala ya kuwa namba. Na msiogope kwamba ukubwa hubadilika kati ya pasi na pasi (asembla hupitia kodi zaidi ya mara moja): `%error` hutolewa kwenye pasi ya mwisho tu.

4. `%fatal` iacheni kwa jambo ambalo likikosekana hakuna haja ya kuendelea, kwa mfano mtu hajataja jukwaa analojengea. Inasimamisha kazi hapohapo. Ukitumia `%error` mahali hapo, kosa moja litafuatwa na msururu wa “alama haijulikani”, na mgeni atahangaika na ule wa chini kabisa kwa sababu ndio uliobaki mbele ya macho yake.

5. Ujumbe utaje kilichozidi, kwa kiasi gani, na mtu afanye nini. Wewe uliyeandika `%error "haiwezekani kufika hapa"`, unajijua: jana usiku nilifika hapo, na sikujua nifanye nini. Nimekurudishia faili. Rekebisha, unitumie tena kabla ya Ijumaa.