Shakwe wamehamia juu ya paa letu

SWALI: Mzee, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, sasa naishi Brighton, Uingereza, orofa ya juu kabisa. Shakwe wawili wamejenga kiota kwenye paa, karibu na bomba la moshi la boila, ule mtambo wa kupasha maji na nyumba joto. Nguo nikianika zinarudi na madoa, gari letu limebabuka rangi kwenye boneti, na juzi mmoja amempokonya mwanangu chipsi mpaka kidole kikatoka damu. Nikienda kutupa taka wananishukia kichwani. Na mimi ndiye niliyekuwa nawamwagia makombo ya wali dirishani tangu wakati wa baridi, nikiona napata thawabu! Mume wangu ameshaazima ngazi kwa jirani, anataka kukibomoa kiota Jumamosi. Afanye? – Mama wa wawili, Brighton

JIBU: Marahaba, mwanangu. Asifanye. Sheria ya wanyamapori ya huko, ya mwaka 1981, inakataza kuua shakwe, kuchukua mayai yake au kuharibu kiota kinachotumika bila kibali. Adhabu ni faini, hata kifungo cha hadi miezi 6. Tena juu ya ngazi, ndege mwenye mabawa ya karibu mita moja na nusu akimjia kwa nyuma, mumeo hatafika mahakamani; atafikia hospitali.

Nimekaa Cardiff, huku Wales, miaka 31 tangu nilipoteremka melini, nawajua hao. Kwetu shakwe ni mgeni wa kaskazi: anakuja, anaranda ufukweni, anaondoka. Hatagi juu ya bati la mtu. Kazi ya kuudhi watu mjini ameachiwa kunguru. Huku anataga mayai mawili matatu mwezi Mei, Juni makinda wanatoka, na wanashuka kiotani kabla hawajaweza kuruka. Ukiona anakushukia, jua kuna kinda karibu na pipa lako la taka. Nenda na mwavuli uliofunguliwa, hata kama hakuna mvua. Majirani watacheka, lakini kichwa kitakuwa salama. Agosti ikifika, vurugu zinapungua.

Kilichonitia hofu zaidi katika barua yako ni hilo bomba la boila. Kiota kikiliziba, hewa ya sumu inarudi ndani, na haina harufu. Mpigie mwenye nyumba leo, fundi akague. Likiwa limezibwa, yeye ndiye aombe kibali cha kukiondoa kiota.

Kinyesi nacho. Kile cheupe kina asidi, na juani kinakula rangi ya gari. Usikisugue kikavu, kina mchanga ndani. Weka kitambaa chenye maji ya uvuguvugu dakika chache, kilainike, ndipo ufute. Mimi kanzu yangu ya Idi ilitunukiwa nishani begani nilipotoka msikitini; kwa kiherehere nikasugua na leso, doa likaenea hadi mfukoni. Nguo iloweke maji baridi kwanza. Barazani pia usifagie pakavu, vumbi lake lina vijidudu: mwagia maji ya sabuni, vaa glavu. Ukikuta shakwe amekufa usimguse, mafua ya ndege yamewaua wengi tangu 2021.

Kidole cha mtoto kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, kikivimba, daktari. Na mfundishe mtoto kula chipsi akiwa ameegemea ukuta, akimkodolea macho shakwe. Msicheke. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter walilipima jambo hili mwaka 2019: shakwe aliyetazamwa alichelewa kukifikia chakula kwa wastani wa sekunde 21 kuliko ambaye hakutazamwa. Sekunde 21 zinatosha kumaliza chipsi.

Sasa wali. Ulimwandalia meza, mwanangu, naye akaona bora ahamie jikoni. Thawabu ya makombo itafute kwingine. Mfuko wa taka usilale nje, weka kwenye pipa lenye mfuniko mgumu.

Jozi hiyo itarudi mwakani papo hapo, kwa hiyo Oktoba, kiota kikiwa kitupu, mwenye nyumba alete mafundi wakiondoe na kufunga wavu au miiba kuzunguka bomba. Shakwe hao, wanaojiona ndio wenye paa, wataanza kuja kukagua kabla baridi haijaisha. Mumeo amrudishie jirani ngazi yake.