Pamu ya chupa ama bogenvilia?

SWALI: Shikamoo Bi Bustani. Mi niko Malindi, nimehamia juzi nyumba mpya, jua la saa tisa lapiga moja kwa moja barazani hatukaliki. Muuza miche wa kando ya barabara anilazimisha pamu ya chupa, ati ni adimu duniani ndio maana bei iko juu. Mke wangu asema tuombe tu kijiti cha bogenvilia kwa jirani, bure. Nani yuko sawa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mkeo.

Huyo wa miche hakukudanganya ila hakumaliza maneno. Pamu ya chupa kwao ni Round Island, kijisiwa cha Morisi, na huko porini kweli ilibaki kidogo mno, maana watu walipeleka mbuzi na sungura wakawa wala kila mche unaochipua, sungura wakaja kumalizwa 1986 (mbuzi wenyewe si wawajua, wako hata hapo mtaani kwako). Lakini kwenye mabustani imejaa dunia nzima, yaoteshwa kwa mbegu, kwa hio uadimu uko kule kisiwani si pale kwa muuza miche, usiulipie. Adimu hasa ni pamu nyingine nduguye, umebaki mti mmoja tu bustani ya Curepipe hukohuko Morisi, na huo hauuzwi.

Sasa kivuli. Hiyo chupa ina makuti manne matano, ikizidi sana manane, na yakua polepole, utangoja barazani mpaka mtoto aoe. Bogenvilia chomeka kijiti, ikishashika ifungie waya itambae juu ya baraza maana haijishiki yenyewe, halafu usiimwagie maji kila siku, ikishiba yatoa majani matupu, ikiona kiu kidogo ndio yawaka rangi. Na ile rangi wala si maua, ni majani, chungulia katikati utaona kiua cheupe, hicho ndicho. Ikikusumbua kata, itarudi, ila pamu ni kama mnazi, ukikata kilele umeua. Miiba tu, usiipande mlangoni, itakuchania kanzu Ijumaa.

Kama roho ishapenda chupa, teta bei kwanza kisha tazama tumbo kwa ile iliyokua: chupa yanenepa chini, iliyovimba katikati ni pamu nyingine, ya kisiwa cha Rodrigues. Na ipande mbali na bogenvilia, isije ikaifunika isione jua.