Ukihamisha bukingi ya meli, unahamisha na mdomo

Swali lenu la wiki hii linauliza kama kuna msomaji amewahi kuhamisha bukingi ya safari akaipeleka kwa wakala wa mtandaoni ili aokoe pesa, na kama ilimlipa. Mimi nimefanya hivyo, kwa safari ya meli, na ndiyo, ililipa. Lakini kuna jambo moja hakuna mtu aliniambia mapema na karibu linitoe machozi, kwa hivyo mnivumilie nikieleza kirefu kidogo.

Wazazi wetu walikuwa wanatimiza miaka 40 ya ndoa. Sisi watoto wanne tukachanga kila mwezi kwa miaka mitatu, Baba hajawahi kupanda chombo chochote cha majini isipokuwa feri ya Likoni, na Mama alikuwa anatamani sana kuona Roma. Tukachagua meli ya siku 7 inayotoka Barcelona, inapita Marseille, Civitavecchia (hiyo ndiyo bandari ya kushukia ukienda Roma) na Napoli. Kabini mbili, ya wazee iwe na balkoni, mimi na dada yangu mdogo tulale ile ya ndani isiyo na dirisha. Januari nikabuku mwenyewe moja kwa moja kwa kampuni ya meli, nikalipa dipoziti kwa kadi, safari yenyewe ikiwa Oktoba.

Wiki mbili baadaye wifi yangu anayeishi Dallas akanipigia akaniuliza, sasa wewe umebuku bila wakala, si umeacha pesa mezani kwao? Akanieleza vile biashara hii inaenda. Kampuni ya meli humlipa wakala kamisheni kwa kila kabini anayoleta, kuanzia asilimia 10 hivi ya nauli. Wale wakala wakubwa wa mtandaoni wanauza kabini nyingi mno, kwa hivyo wako tayari kukugawia sehemu ya hiyo kamisheni ili wakupate. Ukibuku mwenyewe hiyo pesa inabaki tu kwa kampuni, bei yako haishuki. Na habari njema ni kwamba kampuni nyingi za meli zinakubali uhamishe bukingi hata kama ulishalipa dipoziti, mradi hujamaliza kulipa yote na hujapitisha muda wao, wengine wanakupa siku 30, wengine 60, tangu siku uliyobuku. Kabini inabaki ileile, bei ileile, dipoziti inahesabiwa, na kama una pointi za uaminifu ni zako bado.

Nikaandikia wakala watatu. Hapa niseme kitu kwa wale wanaopenda kuangalia asilimia kubwa kubwa zilizoandikwa kwenye tangazo: uliza ni asilimia ya nini. Jumla ya kabini ya wazee ilikuwa dola 2,600 lakini ndani yake kulikuwa na kodi na ada za bandari dola 340, na wakala hapati kamisheni kwa hizo, kwa hivyo hata wewe hugawiwi. Mmoja aliniahidi asilimia 8, yaani ya ile 2,260, ikaja kama dola 180, kwa shilingi ni zaidi ya elfu 23 kwa kabini moja tu. Uliza pia inakuja kwa njia gani. Yangu ilikuwa krediti ya kutumia ndani ya meli. Sio pesa unarudishiwa kwa kadi, na kwa kawaida isipotumika safari ikiisha imepotea. Kwetu ilikuwa sawa kwa sababu kule melini kuna pesa ya wahudumu inakatwa kila siku kwa kila mtu, utake usitake, na krediti ikaifuta karibu yote.

Siku ya 19 tangu nibuku nikajaza fomu. Kila kabini ina namba yake ya bukingi kwa hivyo fomu ni mbili, watu wengi huhamisha moja wakidhani zote zimeenda. Siku tatu baadaye nikapata imeili kwamba wakala amepokea. Nikafurahi kweli, nikawapigia ndugu zangu nikawaambia tumeokoa.

Sasa ikafika wakati wa viza. Kwa sisi wenye pasipoti ya Kenya safari haianzi Barcelona, inaanza na viza ya Schengen (ile moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya), na Mama alikuwa amepata apointimenti ya Jumanne. Jumatano ya wiki iliyotangulia nikakaa na dada yangu mezani tukipanga karatasi zake moja moja, stetimenti ya benki, bima ya safari ile ya yuro 30,000, barua ya safari ya meli. Dada ndiye aliyeona. Kwenye pasipoti jina la mwisho la Mama lina "i" mwishoni, kwenye barua ya meli kuna "e". Herufi moja, na niliiandika mimi mwenyewe Januari, nikaipita macho miezi yote hiyo.

Nikapigia kampuni ya meli mara moja, nilijua ni kitu cha dakika mbili. Yule dada kwenye simu alikuwa mpole sana, akafungua, akaiona, halafu akaniambia bukingi hii iko chini ya wakala, sina ruhusa ya kuigusa, ongea na wakala wako. Nikamwambia mimi ndiye nimelipa, mimi ndiye nilibuku, huyu ni mama yangu mzazi. Akasema anaelewa, lakini hawezi.

Hapo ndipo nilielewa kitu nilichokuwa nimefanya. Pesa yangu ilikuwa palepale na kabini palepale, nilichotoa ni mdomo. Tangu siku ile ya fomu, kampuni ya meli ilikuwa inamsikia mtu mmoja tu, wakala, na yeye yuko Florida, wanafungua saa tatu asubuhi yao ambayo huku ni saa kumi jioni, wikendi hawapo. Nilituma imeili Jumatano hiyohiyo, nikajibiwa Alhamisi kwamba imepokelewa. Ijumaa nikapiga nikawekwa kwa laini dakika 40 ikakatika. Jumamosi na Jumapili kimya, na mimi sikulala vizuri, kwa sababu nikikosa ile apointimenti sijui ingine ningeipata lini. Jumatatu saa nne usiku ndio barua mpya ikaingia, na Jumanne asubuhi na mapema niko saiba ya Tom Mboya Street naprinti, Mama amesimama kando yangu na kiondo chake, pasipoti ameishika kwa mikono miwili.

Viza ilitoka, tulisafiri. Baba alikuwa akiamka kabla ya jua kila siku anakaa pale balkoni amejifunika blanketi, haongei, anaangalia tu maji.

Kwa hivyo ukiniuliza kama ningerudia, ningerudia, ila kwa mpangilio mwingine. Majina yote ningeyakagua na pasipoti ikiwa mkononi, herufi kwa herufi, wakati bukingi bado iko kwangu na kampuni bado inanisikiliza. Wakala ningempigia simu kabla sijampa chochote, kwa saa za Nairobi, nione kama anashika. Ahadi ya krediti iwe kwa maandishi, na niulize kama ana faini yake mwenyewe ukikansel, kwa sababu wangu alikuwa nayo, dola 50 kwa kila mtu juu ya chochote kampuni ya meli inachokata, na niliiona kwenye maandishi madogo wakati nimeshahama. Kutoka tena si rahisi, mara nyingi mpaka wakala mwenyewe akubali kukuachilia. Na kama wakala anakupa dola 30 au 40 tu, mimi kwa maoni yangu baki ulipo.

Binamu yangu amebuku juzi Ijumaa, ya kwenda visiwa vya Ugiriki na kushuka siku moja Uturuki, na Uturuki haiko ndani ya Schengen, kwa hivyo yeye anahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Ameshaona tangazo la wakala na anataka kuhamisha leo leo. Nimemwambia asijaze fomu yoyote, apitie kwangu jioni akitoka kazini, na abebe pasipoti zote nne.